Nguo za Mtoto wa Baa

Watu wengine huona wivu kwa sababu ya mashamba, waume, au watoto wa jirani waliopita mtihani. Mimi, kwa sehemu kubwa ya utoto wangu, nilimwonea wivu mungu. Hakuwa mungu mkubwa. Alikuwa wa shaba, hakufikia urefu wa kiganja changu, alikuwa akitambaa kwa magoti huku ameshika donge la siagi mkononi, na alikuwa na nguo nyingi kuliko mimi.

Nimemkumbuka kwa sababu ya harufu. Wiki moja baada ya kumzika mama, mimi na dada yangu Kalunde tulifungua sanduku lake la bati, lile alilotoka nalo Kathonzweni alipoolewa. Kabla hatujaona kilichokuwa ndani, ikatupiga harufu ya mafuta ya cherehani, chaki ya fundi na kitambaa kipya ambacho hakijawahi kuona maji. Nilirudi nyuma hatua moja. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimeketi kwenye saruji ya baraza la duka la Bwana Mahesh pale Mwingi, naokota vipande vilivyoanguka miguuni mwa mama, nikitafuta hata kimoja kinachoweza kunitosha.

Nyinyi mliolelewa na cherehani mnajua mambo yalivyokuwa. Mteja aliingia dukani, akachagua kitambaa, akatoka nacho barazani akampa fundi. Mama alimsimamisha, akamzungushia tepu kifuani, kiunoni, nyongani, akaandika kwenye daftari lenye jalada jeusi. Barabarani malori ya Garissa yalipita yakituachia vumbi, na siku za mnada mbuzi walipanda ngazi wakataka kula vitambaa. Mama alishona sare za nusu ya watoto wa shule yetu. Yangu mimi ilikuwa imeshavaliwa na dada yetu mkubwa Mutheu, kisha na Kalunde, na upindo wake ulikuwa umefumuliwa na kupindwa tena mara nyingi hadi ukabaki na mistari mitatu iliyopauka.

Lakini si sare iliyonikera zaidi. Ni tepu. Kila mtu aliyekuja pale, hata mzee mlevi aliyetaka kaptula iwekwe kiraka, alipata dakika moja ya kuzungushwa mikono na mama yangu, mama akimtazama kwa makini kana kwamba hakuna mwingine duniani. Siku moja, baraza likiwa halina mteja, nikasimama mbele yake nimenyoosha mikono.

"Mama, nipime."

"Nikupime nini?" akasema bila kuinua kichwa. "Wewe nakujua."

Nikaona nimefungiwa mlango. Nilirudi chini ya meza nikakaa huko mpaka jioni.

Sasa, Baa. Huyo alikuwa mama yake Bwana Mahesh, bibi mwembamba wa sari nyeupe aliyeishi na mwanawe na mkazamwana wake katika vyumba vya nyuma ya duka. Sote tulimwita Baa, yaani mama kwa lugha yao, kwa sababu wao walimwita hivyo. Kila mwaka ilipokaribia siku ya kuzaliwa kwa Krishna, ndilo jina la yule mungu mdogo, kwenye Agosti hivi, alitoka barazani amembeba yule mtoto wa shaba kifuani, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Fundi, wewe napima toto."

Na mama yangu, mama wa kanisa, mwenye kiti cha mbele katika kikundi cha akina mama, alipiga magoti akapitisha tepu kwenye kifua cha shaba. Alimpima taratibu. Alimpima kiuno, alimpima shingo, akaandika kwenye daftari. Mwaka niliojifunza kusoma namba vizuri, nikachungulia nikaona ni zile zile za mwaka uliopita.

"Mama, huyu hakui," nikasema.

Mama akanikata jicho. Baa hakukasirika. Akamfuta mtoto wake vumbi usoni kwa ncha ya sari. "Toto yote nakua," akaniambia. "Wewe hapana ona tu."

Nilikuwa nimeingia huko ndani mara kadhaa nikitumwa kupeleka kazi iliyokwisha, kwa hiyo niliyajua maisha ya huyo mtoto. Alikuwa na bembea. Alikuwa na godoro na mto wenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Alikuwa na neti ya mbu, yeye wa shaba, wakati sisi tulilala watatu kwenye kitanda kimoja tukijipiga makofi hadi usingizi utuchukue. Saa moja asubuhi aliogeshwa, akavishwa, akapewa maziwa yenye sukari, na yaliyobaki Baa alitugawia sisi watoto wa barazani kwa kijiko. Niliyanywa huku roho ikiniuma, kisha nikalamba na mkono.

Zaidi ya yote alikuwa na Baa, wa kwake peke yake. Mungu wetu wa kanisani nilikuwa nikimgawana na Mwingi nzima, na Kitui, na wale ndugu wa Matiliku waliokuja kwa mikutano, na kila nilipoomba nilijihisi niko mwisho wa foleni. Huyu wa Baa hakuwa na foleni. Nilifikiri Wahindi walikuwa wamegawiwa miungu kila mtu na wake, na sisi tukapewa mmoja tugombanie.

Mwaka ule mama aliniahidi gauni la Krismasi. Gauni jipya, langu, si la Mutheu wala la Kalunde. Nilianza kulihesabia siku tangu shule zilipofungwa Agosti. Basi asubuhi moja nikafika barazani nikakuta velveti ya rangi ya zambarau iko juu ya meza, imekunjwa, na utepe wa dhahabu juu yake. Nikaigusa kwa mgongo wa mkono kwa kuwa kiganja changu kilikuwa na jasho. Sikuuliza kitu. Nilikaa chini nikafunga macho nikajiona nikiingia kanisani. Nilipoyafungua mama alikuwa amekata mduara usiozidi sahani ya kikombe, na katikati ametoboa tundu la shingo.

Siwezi kusema nililia. Ningelia ingekuwa nafuu. Niliutazama ule mduara nikamchukia mtoto wa Baa kama mtu anavyomchukia mtu.

Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi ya watoto, mwalimu aliuliza nani ana haja ya kuombewa. Wengine walitaja mitihani na ng'ombe walio wagonjwa. Mimi nikasimama mbele ya watu wote.

"Naomba mumwombee mama yangu. Anamshonea mungu wa Wahindi nguo."

"Amina," kanisa likajibu kwa mazoea, kisha vichwa vikainuka. Nikageuka kumtafuta mama kwenye viti vya mbele. Alikuwa ameangalia mikono yake iliyokuwa mapajani. Hakuniangalia hadi tulipofika nyumbani, na hata huko hakunichapa, akaniambia tu niteleke chai kwa sababu tutakuwa na wageni.

Pasta alikuja mchana huo huo na wazee wawili. Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai, akauliza habari ya baba aliyekuwa kazini Athi River, akasifu mihogo. Halafu akaweka kikombe chini.

"Mama Mutheu, hatujakuja kukuhukumu. Tuambie tu. Hiyo kitu unashonea ni mungu ama ni mdoli? Kama ni mdoli, shona, hiyo ni kazi. Kama ni mungu, uwache, ama itabidi tukuweke kando kwanza."

Kuwekwa kando kulimaanisha kutoshiriki meza ya Bwana na kutokalia kile kiti cha mbele. Kwa mama hilo halikuwa jambo dogo. Kikundi cha akina mama ndicho kilichomsimamia aliponizaa kwa shida, na ndicho alichokiita ukoo wake wa Mwingi.

"Sijawahi kuuliza," mama akasema.

"Basi uliza. Jumatano tuko na mkutano, utuletee jibu."

Jumatatu akanishika mkono. "Mdomo ulikuwa wako," akasema, "sasa na masikio yawe yako." Tukaingia dukani.

Bwana Mahesh alikuwa akipima kitambaa kwa fimbo ya yadi. Mama alipomweleza, akacheka kwa pua.

"Mwambie pasta hiyo ni shaba. Mimi nimelelewa bila sanamu. Baba yangu asubuhi alikuwa anawasha moto kidogo, anasoma maneno ya zamani, imeisha. Alikuwa anatuambia Mungu hana sura, hazaliwi, hafi. Sasa mtu hana mwili, nguo atavaa wapi?"

"Na Baa?" mama akauliza.

Akaacha kupima. "Baba hakutaka sanamu ndani ya nyumba. Siku tumemaliza matanga yake, mama akafungua sanduku lake la nguo, kumbe alikuwa na huyu mtoto huko chini. Tangu aolewe. Miaka yote hiyo alikuwa anamwosha sisi tukiwa shule." Akatazama mlango wa nyuma, akashusha sauti. "Lakini wacha tuongee polepole. Saa hii amelala."

Mimi nilidhani anasema Baa. Kisha nikakumbuka ile neti ya mbu.

Mkewe, Mama Nisha, alikuwa kwenye meza ya pesa, chini ya picha ya mwanamke mwenye mikono minane aliyeketi juu ya simba. Nilikuwa nikiipenda ile picha. Nilifikiri kama mama angekuwa na mikono minane, mmoja ungenifikia mimi. Mama Nisha alisikiliza, akavuta jora la kitambaa cheupe akaliweka mbele yetu.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ni kitambaa."

"Ukikata gauni, watu watasema gauni. Ukikata shati, watasema shati. Mwingine anataka leso. Kwani kitambaa kimekuwa vitu vitatu?" Akalipapasa lile jora. "Iko Moja tu, tunaiita Brahman, haina jina ya ukweli, haina mwisho. Mzee wangu anaipenda ikiwa kwa jora. Baa anataka ile imeshonwa. Mimi naenda kwa Mata, huyu wa simba, kwa sababu ni mama na mimi nilipoteza mama mapema. Hatugombani."

"Lakini hiyo ya Baa ni mungu ama si mungu?" mama akasisitiza. Alihitaji jibu la Jumatano.

"Hiyo umuulize Baa."

Tukamkuta Baa kwenye mkeka kando ya bembea, anavuta kamba polepole kwa kidole gumba cha mguu huku akichambua dengu. Mama akaketi chini, akauliza kwa adabu, akijitahidi kuchagua maneno mepesi. Baa akaacha kuchambua dengu.

"Mungu mimi hapana jua," akasema. "Mungu kubwa sana. Mimi naogopa yeye. Hii toto yangu. Toto mimi hapana ogopa." Akainama akaangalia chini ya neti. "Wewe nasikia baridi?" Hakuwa akituuliza sisi.

Nilipotoka pale nilikuwa na hakika kwamba watu wa nyumba ile hawamjui mungu wao. Mmoja anasema shaba, mwingine kitambaa, mwingine toto, na wanaishi chini ya paa moja na kula sufuria moja. Kanisani kwetu waliwahi kununiana mwaka mzima kwa ajili ya ngoma. Nilingoja wagombane ili nijue nani mkweli, na hawakugombana, na hilo pia likaniudhi.

Jumatano mama aliyasema yote matatu vile vile alivyoyasikia, hakupunguza. Kalunde alikuwepo, ananiambia pasta alishika kichwa. Mzee mmoja akauliza, "Sasa tuandike nini?" Wakaona ni salama zaidi aache. Mama akasema sawa. Kesho yake alimrudishia Baa velveti, na ule mduara wenye tundu, na utepe, vyote vimekunjwa vizuri, akamwambia kanisa limekataa.

Baa hakubishana. Alivipokea kwa mikono miwili. Siku zilizofuata nilimwona kupitia mlango wa nyuma akiwa na sindano, akijichoma na kunyonya kidole. Siku ya kuzaliwa mtoto wake alimtoa barazani amevaa kitu kilichopinda upande mmoja, utepe umeshuka hadi kwenye magoti. Mama alipokiona aliinuka akaenda kunywa maji. Mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Desemba, Baa akamwita mama akampa velveti yote iliyobaki. "Shona ya Mwende," akasema. Mwende ni mimi. Gauni langu la Krismasi lilitoka kwenye jora moja na nguo za mungu, na mama alilikata jioni moja bila kunipima. Nilisimama kando yake nimenyoosha mikono kama mjinga. Hakushika tepu. Alinitazama mara moja tu, akachukua mkasi.

Lilinikaa sawasawa, mabegani, kiunoni, kila mahali. Kanisani watu waligeuka. Na mimi nilikaa humo ndani natokwa na jasho, nawaza kwamba hata yule wa shaba alipimwa.

Tulikuwa tumefika kwenye sanduku. Chini ya kanga, chini ya Biblia ya Kikamba iliyotoka jalada, tulikuta madaftari ya vipimo, yamefungwa kwa utepe. Kalunde akaanza kucheka akisoma majina ya wateja waliokufa zamani. Mimi nilitafuta ukurasa wa mwaka ule. Toto wa Baa, kifua, kiuno, shingo. Nikafungua daftari la mwaka uliofuata, nikijua sitamkuta. Nikamkuta. Na mwaka uliofuata tena. Toto wa Baa, namba zile zile, mwaka baada ya mwaka, kalamu ya risasi, kisha kalamu ya wino, kisha mwandiko wa mzee ambaye macho yanamsumbua. Hakukuwa na mwaka uliorukwa.

"Kwani hukujua?" Kalunde akasema. "Alikuwa anashona Jumanne ukiwa shule. Tulijua sote. Wewe hatungekuambia, na mdomo wako."

"Na kanisa?"

"Alisema kanisa lilimwambia awache kumshonea mungu. Kumshonea mungu, aliacha. Alimshonea mtoto wa Baa."

Nikayapekua madaftari yote kutafuta jina langu. Nilichukua karibu saa nzima. Halipo. Mutheu yupo, alipoolewa. Kalunde yupo mara mbili. Mimi hakuwahi kuniandika. Nimekuwa mtu mzima, naelewa sasa alichomaanisha aliposema ananijua, na ninaelewa kwamba mtu hupima kile asichokuwa na hakika nacho. Kuelewa kunasaidia kidogo. Hakumalizi.

Chini kabisa kulikuwa na nguo moja ya yule toto, ya kijani, ndogo, sindano bado imechomwa kwenye upindo. Urefu wa kidole changu ulikuwa bado haujashonwa. Niliibeba hadi Mwingi, pamoja na tepu na daftari la mwisho. Duka bado lipo, ingawa nusu yake sasa ni ya simu. Baa alikufa zamani. Mama Nisha magoti hayamruhusu kuinama. Bwana Mahesh ndiye aliyenipeleka nyuma, mzee wa mvi, akatembea kwa vidole vya miguu alipofika kwenye bembea.

"Nani anamwogesha?" nikauliza.

"Mimi," akasema, akiwa na haya kidogo. "Ni shaba, najua. Lakini alizoea maziwa saa moja."

Nikamwonyesha ile nguo. Aliitambua mikono ya mama bila kuambiwa, akamtoa mtoto kwenye neti akamweka kwenye mkeka. "Mpime kwanza," akasema. "Baa alikuwa anataka apimwe kila mwaka."

"Hakui."

"Wewe mpime tu."

Nilitoa tepu ya mama kwenye mkoba. Nilipiga magoti, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kumfikia, nikaizungusha kwenye kifua kile cha baridi. Namba zilikuwa zile zile. Niliziandika chini ya mwandiko wa mama, halafu nikamwambia Bwana Mahesh kwamba nguo haijaisha, nitairudisha ikiwa tayari.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Nguo iko hapa mezani ninapoandika. Kazi iliyobaki ni ya dakika kumi, hata kwa mtu asiye fundi. Lakini ni mshono wa mwisho aliouanza mama, na nikishaukamilisha hakuna kingine duniani ambacho mikono yake haijamaliza. Kwa hiyo kila Bwana Mahesh anapopiga simu kuuliza, namwambia bado. Mtoto wa Baa na angoje kidogo. Mimi nimengoja zaidi yake.